Siku Tulipowafyekea Wageni Matete

Vijana wangu, shikamoo zenu nimezipokea zote, pamoja na ile ya mwenzenu aliyenisalimia huku anatazama simu. Marahaba. Mmeniletea barua yenye muhuri, mmejiita kikundi cha utalii wa vijijini, mkaniomba niwaandikie uzoefu wangu wa kulaza wageni ili muuingize kwenye mafunzo yenu. Nimefurahi sana. Hapa Singida mjini watu wameniuliza miaka nenda miaka rudi nilikuwa nafanya kazi gani hasa. Nikiwajibu kwamba nilikuwa nawapeleka wazungu wakalale kwenye nyumba za udongo, tena kwa ombi lao wenyewe, wananipa pole.

Bango lenu pia nimeliona, lile mlilolibandika stendi. Lina mnazi, lina mchanga mweupe na bahari ya buluu. Ni bango zuri. Sasa mgeni akishuka kwenye basi akauliza bahari iko upande gani, mtamwambiaje? Hapa tuna maziwa, tuna mawe makubwa kuliko nyumba, tuna alizeti na kuku ambao nchi nzima inawatamani. Ninyi mkaona bora mnazi.

Nianze na choo, kwa kuwa ninyi mmeanza na nembo.

Choo cha shimo hakina ubaya wowote. Ubaya ni mlango wa gunia. Mgeni yuko tayari kulala juu ya kitanda cha kamba, atakula msichokijua hata ninyi, lakini hayuko tayari kuchuchumaa huku gunia linapepea na mbuzi anachungulia. Wekeni mlango wa mbao wenye komeo la ndani. Komeo la ndani, sio la nje. Niliwahi kumfungia profesa mmoja chooni saa nzima kwa sababu fundi wetu alifikiri tunamzuia mbuzi.

Chandarua msikiangalie kwa kukishika. Ingieni ndani, laleni chali mchana, mtazame juu kwenye mwanga, mtaona matundu yote. Maji ya kunywa yachemsheni mgeni akiwa anaona, hata kama yalishachemshwa jana. Mgeni anaamini sufuria inayotokota kuliko cheti chenu cha mafunzo. Na msiwaite wanakijiji wote waje kusalimia kwa mpigo. Mwaka mmoja, kule Ihanja, mgeni wangu alisalimiana na watu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, akamaliza akiwa na homa. Wanakijiji walisikitika kwamba hakufika nyumba za ng'ambo ya barabara.

Haya yote hakuna aliyenifundisha kwenye semina. Nilifundishwa na Bi Mwanakheri, huko kisiwani.

Ngoja niwaeleze nilifikaje kisiwani, maana najua mnajiuliza. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa na mafuta ya taa hapa mjini. Babu alitoka pwani, mama ni Mnyaturu wa Ihanja. Kwa hiyo kwa ndugu zangu wa pwani mimi nilikuwa mtu wa bara, na kwa wajomba zangu wa Ihanja nilikuwa mtu wa pwani. Kila upande ulinihurumia. Zilipoingia enzi za ruksa, kila kitu kikaruhusiwa kwa wakati mmoja. Mitumba ikajaa, maduka yakafunguliwa hadi kwenye varanda za watu, na binamu yangu akaandika kutoka kisiwani kwamba wageni wanamiminika, wanataka kulala majumbani mwa watu, na anatafutwa kijana anayejua Kiingereza. Mimi Kiingereza nilikuwa nacho cha sekondari. Nikapanda basi.

Bi Mwanakheri alikuwa mama wa makamo mwenye nyumba ya mawe na makuti, vyumba vinne, viwili vya wageni. Alikuwa hacheki hovyo. Siku ya kwanza akaniuliza, "Baba, wewe maji unayajua?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Mimi, bibi, nimezaliwa kando ya ziwa."

Ziwa letu mnalijua. Unaliacha asubuhi, jioni unalikuta palepale. Lina adabu. Basi wiki ya pili nikawachukua wageni wanne, tukatembea kwa miguu kwenye maji ya magotini mpaka fungu la mchanga lililokuwa mbali kidogo na ufukwe. Nikatandika mkeka, nikatoa maandazi na chai, nikaanza kuwaeleza historia ya kisiwa, nyingine nikiitunga hapohapo. Baada ya saa mbili mkeka ukalowa. Mgeni mmoja akauliza kama hali ile ni ya kawaida. Mimi nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza maishani, nikasema ni kawaida sana. Tukasogeza mkeka. Ukalowa tena. Mwisho tulisimama watano tumeshikana, chupa ya chai nimeiweka kichwani, na maji yako kiunoni, ndipo akinamama waliokuwa wakivuna mwani wakatuona na kuja na mtumbwi.

Bi Mwanakheri alikuwa anatungoja ufukweni. "Umewaambia nini wageni wangu?"

"Nimewaambia ni kawaida, bibi."

"Kawaida ya wapi?"

Hakunifukuza. Alinipa ufagio. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia ufukwe mbele ya nyumba yake, kuondoa mwani uliotupwa na maji, vijiti, majani na takataka, mpaka mchanga ubaki mtupu hadi majini. Bi Mwanakheri alisema mgeni wa bahari anataka mchanga mtupu, na alisema kweli. Nilifagia mpaka nikaanza kuamini kwamba kufagia hadi majini ndiyo siri ya kazi nzima. Nikarudi Singida nikiwa na siri hiyo, na kadi mia moja nilizochapisha, zenye jina langu, Ramadhani, na chini yake neno Mtaalamu.

Sasa hapa nitawasimulia jambo ambalo kwenye mafunzo yenu mtaamua wenyewe mliweke wapi.

Kampuni moja ya Arusha ilikuwa inatafuta mahali papya. Wageni wake walikuwa wamewaona simba mpaka wamewazoea, sasa walitaka ndege, na walitaka kukaa na watu. Nikawaambia ninapo mahali. Huko Iramba, ukiacha barabara baada ya Ulemo ukateremka kuelekea ziwani, kulikuwa na kijiji chenye matete marefu ufukoni, na ndani ya matete yale yangeyange na kulastara walikuwa wanataga kwa mamia. Ukisimama pale asubuhi huwezi kuzungumza na mwenzako kwa kelele. Kampuni ikakubali kuleta wageni wawili wa majaribio, mume na mke, wazee, watu wa kuangalia ndege, wakae siku tatu. Wakiridhika, wengine watafuata kila mwezi.

Nikazunguka kijiji kutafuta nyumba. Nikaichagua ya Mama Naomi.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, Mlutheri wa kwaya, anajua kusoma, mkono wake msafi. Nyumba yake ya udongo alikuwa ameisiriba mwenyewe mpaka kuta zinateleza, na kibaraza chake kilitazama matete moja kwa moja. Lakini nyumba hiyo ilikuwa na kesi. Yona, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anakitaka kiwanja. Enzi hizo watu walikuwa wameanza kufungua macho. Yona alitaka kujenga banda la samaki, akisema ardhi ni ya ukoo na mjane arudi kwao. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakupenda kugombana na mtu yeyote, alipata njia yake. Akatangaza kwamba nyumba ikipata wageni wa kudumu, itakuwa shughuli ya kijiji, na Yona atafute pengine. Isipopata, wakayamalize kiukoo. Kila mtu alijua kiukoo maana yake nini. Mama Naomi angefunga mzigo.

Kwa hiyo siku tatu za wageni wale zilikuwa nyumba yake. Aliniambia mwenyewe, hakunificha. "Baba, nielekeze kila kitu. Nikikosea niambie mapema. Mimi sina pengine."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwa mtaalamu.

Mwenyekiti akaitisha mkutano wa maandalizi. Akaniuliza mbele ya watu, mgeni wa namna hii anataka nini? Nikasimama. Nilivaa shati la maua nililotoka nalo kisiwani, mniamini. Nikasema mgeni wa majini anataka usafi. Nikasema kisiwani tunafagia mpaka majini. Nikarudia, "Mpaka majini, ndugu zangu. Asione uchafu hata mmoja."

Vijana, ninyi hamkukulia zama za mwenge kupita vijijini na mkuu wa wilaya kutembelea mashamba. Kijiji cha wakati ule kikiambiwa mgeni mkubwa anakuja, kinajua kazi moja tu: kufyeka. Kumpokea mgeni kwenye nyasi ilikuwa ni kumtukana. Mtu anafyekewa njia, mawe yanapangwa pembeni, yanapakwa chokaa, na mgeni anajua amethaminiwa. Tena walikuwa wepesi. Asubuhi iliyofuata filimbi ikapigwa, watu wakatoka na mapanga na mafyekeo, wanawake, wanaume, wazee, hata Yona. Wakaanzia barabarani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kivulini nasimamia.

Walipofika ufukoni, Mama Naomi akanijia akiwa ameshika reki. "Baba, hata matete?"

"Mpaka majini, mama."

"Na ndege watakaa wapi?"

Nilicheka. Hicho kicheko nakikumbuka. Nikamwambia, "Mama, ndege wana mabawa."

Hakubisha. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa na bahari miaka mitatu, yeye alikuwa amekaa na ndege wale miaka thelathini tu. Akarudi kazini. Jioni ufuko ulikuwa mweupe kama kichwa kilichonyolewa, matete yamerundikwa na kuchomwa, na mawe yamepangwa kuanzia kibarazani mpaka ziwani, yote yamepakwa chokaa. Mwenyekiti alinishika mkono akasema hajawahi kuona kijiji chake kikipendeza namna hiyo. Hata mimi niliona kimependeza. Ndege walizunguka juu siku mbili, ya tatu wakaenda zao.

Wageni wakafika. Walikuwa wamevaa darubini shingoni kabla hata ya kushuka garini. Wakatembea katikati ya mistari ya mawe meupe, kijiji kizima kinapiga makofi, mpaka majini. Wakasimama. Pale kulikuwa na majivu na maji, basi. Mzee wa kizungu akainua darubini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaishusha. Mkewe akaniuliza taratibu, matete yako wapi?

Mwenyekiti akanisogelea. "Wanasemaje?"

"Wamefurahi," nikasema.

Hapo ndipo nilipoanza kudanganya, na ilikuwa rahisi kabisa.

Siku tatu zile mimi nilizunguka nikijifanya natafuta ndege upande wa pili wa ziwa. Mama Naomi ndiye aliyefanya kazi. Alikuwa amepanga wali na kuku, kama tulivyokubaliana, na sahani za kuazima kwa mchungaji. Usiku wa kwanza wageni wakaona yeye mwenyewe anakula kitu kingine jikoni. Wakaja wakachungulia: ugali wa mtama na mlenda. Wakaomba. Akanitazama kama kuuliza ruhusa, nami nikatikisa kichwa kukataa, kwa sababu mtaalamu alijua mzungu hawezi mlenda. Mama Naomi akawapakulia. Yule mzee akauvuta mlenda ukamfuata mpaka ndevuni, akaukata kwa kidole kama alivyoonyeshwa, mkewe akacheka mpaka akashika ubavu. Kesho yake hawakutaka wali tena. Aliwapeleka kuchuma mlenda, akawaonyesha kusaga mtama kwenye jiwe, kupasua perege na kuwaanika. Hakujua neno hata moja la Kiingereza wala wao la kwake, na mimi, mkalimani, sikuhitajika. Kwa kuwa hawakuwa na ndege wa kutazama, walimtazama yeye. Siku ya kuondoka yule mama wa kizungu alimshika mikono yote miwili, hakuiachia mpaka gari lilipopiga honi.

Nimelaza wageni miaka ishirini na zaidi, na mwenyeji kama yule sijampata tena. Nasema hivyo bila kejeli, nanyi mnajua kejeli kwangu ni chakula.

Barua ya kampuni ikaja baada ya wiki tatu. Iliandikwa Kiingereza, imeelekezwa kwangu, na kwenye kijiji kizima aliyejua Kiingereza ni mimi. Ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema mwenyeji yule ni bora kuliko wenyeji wote ambao wageni wao wamewahi kukutana nao. Ya pili ilisema matete yamefyekwa na kuchomwa, ndege wameondoka, na kwa sababu hiyo hawataleta wageni hapo. Ya tatu ilisema aliyetoa ushauri wa kufyeka asipewe tena kazi ya aina hiyo.

Nililala nayo siku nne. Siku ya tano nikaipeleka mkutanoni, maana Mwenyekiti alikuwa ameshatangaza kwamba barua imefika. Watu walijaa. Yona alikaa mbele. Mama Naomi alikaa na wanawake, amevaa gauni la kwaya.

Mwenyekiti akasema, "Tusomee."

Nikaifungua. Nikasoma Kiingereza kwanza, kwa sauti, ili wajue ninajua. Wakanisikiliza kwa heshima. Kisha nikatafsiri. Aya tatu nikazifanya sentensi mbili. Nikasema, "Wanashukuru sana kwa mapokezi ya kijiji. Wanasikitika kwamba malazi hayakuwaridhisha."

"Malazi ndiyo nyumba?" Mwenyekiti akauliza.

"Nyumba, na huduma yake."

Mama Naomi akasimama. Hakupaza sauti. "Wameandika hivyo?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Na yule mama aliyenishika mikono?"

Nilikuwa na barua mkononi. Aya ya kwanza ilikuwa inanitazama. Nikasema, "Na yeye, mama. Wameandika wote wawili."

Akakaa. Akafunika mabega kwa kanga. Mwenyekiti akasema basi, suala la nyumba lirudi kwenye ukoo, tuendelee na ajenda ya mnada. Haikuchukua muda. Ningeweza kunywa chai ikawa bado ya moto.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza kabla yenu. Kulikuwa na watu wapata mia mbili pale waliofyeka kwa neno langu, wenye mapanga yao nyumbani, na kulikuwa na kadi zangu, zimebaki themanini na kitu. Niliogopa kuchekwa. Nawaandikia neno lenyewe lilivyo, kuchekwa, sio kupigwa. Niliona aibu siku ile na aibu hiyo haikunizuia kufanya lolote.

Kazi yangu, kwa taarifa yenu, ilinawiri. Kampuni nyingine hazikusoma barua ile. Nilizunguka Manyoni, Itigi, mpaka Mkiwa pale njia panda, nikifundisha vijiji namna ya kuwapokea wageni. Nilikuwa na somo maarufu lililoitwa Mwenyeji Bora. Nilifundisha kwamba mgeni apewe anachokula mwenyeji, apelekwe kuchuma mboga, aonyeshwe kusaga kwa jiwe, mwenyeji asihofu kukosa lugha. Watu waliandika kwenye madaftari. Nilipoulizwa nimeyatoa wapi, nilisema kwenye uzoefu. Hata ninyi, kwenye kijitabu cha mafunzo mlichoniletea pamoja na barua, ukurasa wa kwanza, mmeyanakili yaleyale mkaweka jina langu chini. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Matete yaliota tena. Mvua chache tu, ndege wakarudi. Nilipita nikaona kwa mbali. Kwenye kiwanja kulikuwa na banda la samaki la Yona, lina bati jipya.

Miaka mingi baadaye nikaja kumkuta Mama Naomi huko Ulemo. Nilikwenda pale kutafuta familia za kulaza wageni, na mtendaji wa kijiji akaniambia yupo mama mmoja anayekaa kwa kaka yake, chumba cha uani, anajua kupokea mgeni kuliko wote, ila hataki. Akanipeleka bila kunitajia jina. Alikuwa amekaa anapepeta mtama. Amezeeka, amekonda, mikono ni ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ramadhani." Hakuacha kupepeta. "Ile barua bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Mtu wa kazi hii hatupi karatasi. Mtendaji akatutazama, akaona afadhali aende kumwangalia kaka mtu.

Nikamwambia, "Mama, barua haikusema vile."

"Najua haikusema vile. Yule mama alinishika mikono. Mimi si mtoto."

Nikamweleza aya zote tatu, mstari kwa mstari, nikiwa nimesimama kwa sababu hakunipa kiti. Nikamwomba msamaha. Nilitokwa na machozi, nami niliona nimefanya jambo kubwa sana.

Akaweka ungo chini. "Kusamehe nitakusamehe, hilo nitalifanya kanisani. Wewe nenda kaisome."

"Wapi, mama?"

"Ulipoisomea. Kiwanja Yona ameshakijenga, sikitaki. Lakini kule mpaka leo nikienda msibani naitwa yule aliyewakimbiza wageni. Binti zangu wameolewa na jina hilo. Kaisome yote."

Nikaenda. Msidhani nilikwenda kishujaa. Nilikwenda baada ya kupata sababu kumi na moja za kutokwenda, na kila nikipata sababu namwona ameshika ule ungo. Mwenyekiti alikuwa mwingine, kijana. Nikamwomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Akaniuliza hoja yangu inaingia ajenda ipi. Nikasema ni barua ya zamani. Akaiweka kwenye mengineyo, baada ya mbegu, kisima na mbuzi wanaoharibu mashamba.

Ilipofika zamu yangu nusu ya watu walikuwa wameondoka. Nikaisoma yote, aya tatu. Nikasema aliyeshauri kufyeka ni mimi, na aliyeitafsiri kwa uongo ni mimi. Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyecheka, jambo nililokuwa nimeliogopa miaka yote ile. Mzee mmoja akasema, "Ahaa." Yona, kichwa cheupe, akainuka akaenda kuangalia banda lake. Mwenyekiti akanishukuru kwa ufafanuzi na kufunga mkutano.

Nikaomba nakala ya muhtasari. Nikaibeba mpaka Ulemo kwenye bahasha mpya, nimevaa vizuri, na moyo mwepesi kuliko siku zote. Mama Naomi akavaa miwani yake. Akasoma mwenyewe, kidole kinafuata mstari. Akafika mwisho, akarudia. Akageuza karatasi kuangalia nyuma kama pana kitu.

Pale kwenye mengineyo paliandikwa hivi: Bwana Ramadhani alitoa ufafanuzi kuhusu barua ya siku nyingi. Wajumbe waliupokea.

"Jina langu liko wapi?" akaniuliza.

"Halimo, mama."

"Na uliyoyafanya wewe, yako wapi?"

"Wameandika ufafanuzi."

Akavua miwani. Akaikunja karatasi palepale ilipokuwa imekunjwa, akairudisha kwenye bahasha, akanikabidhi.

"Mkutano mwingine lini?"

"Baada ya miezi mitatu, mama."

"Basi baada ya miezi mitatu rudi."

Nikarudi.